Sitara ya Majeruhi

Ndugu zangu, jambo hili limekwisha kuwa desturi, na kwa kuwa ni desturi hatulioni tena. Mtu anakwenda kumjulia hali jamaa yake aliyepata ajali. Hata hajavuta kiti, simu imekwisha toka mfukoni. Uso uliovimba, mrija wa puani, mguu uliofungwa vyuma, vyote vinapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la ukoo. Kutoka hapo vinaingia kundi la mtaa, na jua halijachwa vimewafikia watu ambao mgonjwa hawafahamu wala wao hawamfahamu. Chini ya picha zinafuata pole, na baada ya pole zinafuata sifa za mpigaji: umefanya la maana, Mungu akulipe. Mgonjwa amelala. Hakuna aliyemwuliza.

Sisemi kwamba wanaofanya hivyo wana roho mbaya. Wengi wamesukumwa na huruma ya kweli, na pengine picha ile ndiyo iliyokusanya mchango wa dawa. Lakini huruma nayo ina adabu zake, na adabu hizo tumeanza kuzipoteza. Nimeona nilizungumze jambo hili kwa kupitia shairi la mbali, la vita visivyokuwa vyetu, kwa sababu mtunzi wake alikutana na swali hilihili katika mazingira mazito kuliko yetu: aliyekaa kando ya kitanda cha majeruhi ana ruhusa ya kusimulia nini, na kwa faida ya nani?

Mtunzi huyo ni Walt Whitman, mshairi wa New York. Marekani ilipoanza kupigana yenyewe kwa yenyewe mwaka 1861, Kaskazini na Kusini, yeye alikuwa miongoni mwa wahimizaji. Mwaka huohuo alichapisha shairi la kutaka ngoma na tarumbeta zivume mpaka bwana harusi amwache bibi harusi na mkulima aliache shamba. Bunduki hakushika. Ni rahisi kuhimiza vita ukiwa mbali navyo, na wanaofanya hivyo hawajakwisha duniani.

Desemba 1862 alisoma gazetini, katika orodha ya majeruhi wa mapigano ya Fredericksburg, jina lililofanana na la mdogo wake George. Akafunga safari papo hapo. Philadelphia akaibiwa fedha zake zote, akafika Washington mikono mitupu, akawa anazunguka hospitali moja baada ya nyingine akimtafuta. Mwisho alimkuta kambini Falmouth, Virginia, akiwa na jeraha dogo la shavuni. Angeweza kumshukuru Mungu na kurejea kwao. Lakini nje ya jumba moja la tajiri lililogeuzwa hospitali, chini ya mti, alikuta rundo la miguu, mikono na viganja vilivyokatwa na madaktari. Ngoma ile ya 1861 ikawa imefika mwisho wake. Alisindikiza majeruhi hadi Washington, akatafuta kazi ya kunakili hati katika ofisi ya mlipaji mishahara wa jeshi, saa chache kwa siku ili apate kula, na muda uliobaki akaupeleka wodini.

Alichokifanya humo kilikuwa kidogo kidogo. Alibeba mkoba wenye machungwa, jemu, tumbaku, karatasi za barua na bahasha zilizokwisha bandikwa stempu. Alitoa visenti kwa asiyekuwa nacho, maana askari wengi walikuwa hawajalipwa miezi kadhaa. Katika joto la Juni 1864 alinunua galoni 10 za aiskrimu na kuwagawia wagonjwa wa hospitali ya Carver. Yeye hakuwa tajiri. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa marafiki wa Brooklyn, Boston na kwingineko, akawa anaitumia kama amana na kuwaandikia walioitoa imekwenda wapi. Kwa hesabu yake mwenyewe alifanya ziara zaidi ya 600 na kupita mbele ya wagonjwa na majeruhi kati ya 80,000 na 100,000. Ziara naziamini. Hiyo idadi ya watu naipokea kwa tahadhari, kwani washairi na tarakimu hawajawahi kuwa marafiki wakubwa.

Kuna desturi yake moja inayonigusa kuliko aiskrimu. Kabla ya kwenda hospitalini alihakikisha kwanza amepumzika, ameoga, amevaa nguo safi, amekula vizuri, na uso wake umechangamka. Aliamini kwamba mgonjwa anamsoma mgeni tangu mlangoni. Sisi tunaingia wodini tumekunja nyuso, tumebeba habari za misiba mingine iliyotokea juma hili, tunamwambia mgonjwa jinsi alivyokonda. Halafu tunatoka tumeridhika kwamba tumetimiza wajibu. Nia njema huandaliwa tangu nyumbani, ndugu zangu. Ukifika kitandani hujui umekuja kumpa nini mwenzako, utajikuta umekuja kuchukua.

Whitman naye alichukua, na hilo lazima tulikiri. Alikuwa na vijidaftari vidogo alivyovitengeneza mwenyewe, akiandika humo jina la askari, wodi, namba ya kitanda, na anachokihitaji: mmoja kitabu kizuri na peremende za koo, mwingine barua iandikwe kwao. Vijidaftari hivyo vilikuwa orodha ya mahitaji kwanza. Baadaye vikawa kisima cha mashairi na vitabu vyake vya nathari. Je, alitenda haki? Hili ni swali la haki kabisa, wala lisifunikwe kwa sababu tu mtu amekuwa mshairi mashuhuri. Mwenye kalamu anaweza kuwanyonya wagonjwa sawasawa na mwenye simu.

Tulitazame basi shairi lenyewe. Lilitoka mwaka 1865 katika kitabu chake cha mashairi ya vita, Drum-Taps, na leo linajulikana kwa jina la The Wound-Dresser, yaani mfunga vidonda. Msemaji ni mzee anayeombwa na vijana awasimulie vita. Wanataka habari za mashujaa na mashambulizi. Mzee anawagusia hayo kidogo, anawaambia kwamba pande zote mbili zilikuwa na majasiri, kisha anawapeleka wodini. Anapita kitanda hata kitanda akiwa na bendeji, maji na sponji, wala hamruki hata mmoja. Nyuma yake anafuata mhudumu mwenye sinia na ndoo, na ndoo hiyo inajaa matambara na damu, inamwagwa, inajaa tena. Anafunga kichwa kilichopondeka, shingo iliyopitishwa risasi, ubavu uliochomwa, donda ndugu linalooza. Hapambi, wala haonei haya uchafu wa kazi yenyewe. Vidonda vyote anavitaja. Jina la askari hata mmoja halitaji.

Hiyo ndiyo sitara ninayoizungumzia. Ukweli wa vita umesemwa wote, na heshima ya mtu haikuguswa. Mama wa askari angelisoma shairi lile asingejua kama ni mwanawe anayesemwa, lakini angejua kwamba mwanawe, popote alipolala, alistahili mkono wa namna ile.

Kisha lipo tukio moja katika shairi ambalo kila nikilisoma nakaa kimya kidogo. Askari amekatwa mkono. Mzee anaondoa pamba iliyogandamana, anasafisha usaha na damu. Kijana amelalia mto, shingo imegeukia pembeni, macho ameyafumba, uso umempauka. Hajathubutu kukitazama kigutu chake mwenyewe.

Fikirini maana yake, ndugu zangu. Mfunga vidonda amekiona kabla ya mwenye mkono. Amepewa ruhusa ya kuona kitu ambacho mwenyewe bado hana nguvu ya kukikabili. Hapo hapana tena suala la tiba tu. Hiyo ni amana, na khiyana yake ni kubwa. Sasa turudi kwenye simu zetu. Ni majeruhi wangapi wa ajali za pikipiki ambao picha za miguu yao zimekwisha zunguka mji mzima wakati wao bado wamegeukia ukuta? Mtu anazinduka baada ya upasuaji, na anakuta watu wasiomjua wanaijua hali yake kuliko yeye. Akipona, atakutana na picha ile kwenye simu ya kinyozi. Haya gani tumebakiwa nayo kama hili halitutii soni?

Najua jibu linalokuja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye shida akinyamaziwa atakufa na shida yake. Ni kweli. Kimya nacho kina dhambi zake. Vita vya Marekani viliua watu wasiopungua laki sita, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi: kuhara damu, homa ya matumbo, nimonia. Watu kama Whitman wasingesema, mauti ya namna hiyo yangezikwa chini ya hadithi za farasi na bendera. Vilevile familia zilikuwa na haki ya kujua. Askari alifia mji wa mbali, na huko kwao walibaki wakisubiri barua isiyofika. Kwa hiyo sikuombeni tufunge midomo. Naomba tupime tunasema nini, tunamwambia nani, na mwenye kidonda amesimama wapi katika usemi huo.

Barua za Whitman zinatuonyesha kipimo hicho vizuri kuliko mashairi yake. Agosti 1863 kijana mmoja mpiga filimbi wa kikosi cha New York, Erastus Haskell, alifariki kwa homa ya matumbo katika hospitali ya Armory Square, Washington. Whitman alikuwa ameketi naye mara nyingi, hata usiku. Aliwaandikia wazazi wake barua ndefu, akawaeleza siku za mwisho za mtoto wao zilivyokuwa, utulivu wake, uvumilivu wake. Humo jina limetajwa, na maradhi yametajwa, na udhaifu wa mwili umetajwa, kwa kuwa barua ilikwenda kwa wenye haki ya kuyapokea. Habari ileile ambayo mbele ya umma ingekuwa kumwanika mtu, mbele ya mama yake ilikuwa faraja.

Barua ya pili ni fupi. Januari 1866, vita vimekwisha, hospitali zinafungwa moja moja, lakini wapo askari waliobaki vitandani. Mmoja wao, Robert Nelson Jabo, alikuwa akifa kwa kifua kikuu katika hospitali ya Harewood, na hakuweza kumwandikia mkewe kwa mkono wake. Whitman aliandika kwa niaba yake, kwa sauti ya mume akimweleza mke hali yake na kumsalimu. Mwishoni aliweka maneno machache ya kuonyesha kwamba mwandishi ni Walt Whitman, rafiki. Barua hiyo ililala kati ya nyaraka za pensheni hadi ilipogunduliwa mwaka 2016 katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani. Mtu aliyekwisha chapisha vitabu, aliyependa kusifiwa kuliko wengi (na hilo linajulikana, aliwahi kujiandikia sifa gazetini bila kuweka jina lake), alikubali kuwa kalamu tu ya mtu mwingine. Jina lake alilitia mwishoni, kwa uaminifu, ili mke asidanganyike kuhusu mwandiko.

Hapa niguse uaminifu wa namna nyingine. Jina la shairi linasema mfunga vidonda. Whitman alisaidia kufunga vidonda mara chache, lakini kazi yake ya kila siku haikuwa hiyo. Alikuwa mgeni mwenye mkoba. Tena mzee wa kwenye shairi si yeye hasa, maana kitabu kilipotoka hakuwa hata na miaka 50. Je, huu ni uongo? Mimi nasema hapana, kwa kuwa shairi lina ruhusa ya kuazima sauti, na alipoandika nathari alieleza kwa uwazi alichokifanya. Sisi tunavuka mpaka huo bila shairi. Aliyeshika tochi wakati majeruhi anatolewa garini, kesho anasimulia kwamba ndiye aliyemwokoa. Aliyetoa shilingi elfu tano anapiga picha akikabidhi bahasha, na bahasha inaonekana nene. Ria huanza kwa kuongeza kidogo tu juu ya ukweli, na ulimi ukishaonja utamu huo hauachi.

Wala Whitman hakuwa malaika. Aliwasema vibaya mawakala wa tume zilizohudumia hospitali, akamwandikia mama yake kwamba wagonjwa walikuwa wakigeuza nyuso wasiwatazame. Huenda wapo waliostahili. Lakini tume kubwa ya wakati ule, Sanitary Commission, ilipeleka vyakula, dawa na nguo kwa wingi ambao mkoba wa mtu mmoja usingebeba kamwe. Mwenye kutenda wema ana hatari hiyo: kuona wema wa wengine ni bandia.

Katika shairi lile yumo pia yule wa nyuma, mwenye sinia na ndoo. Mshairi hakumpa hata mstari mmoja wa kuzungumza. Kwa bahati yupo aliyewasemea watu wa namna hiyo. Clara Barton alikuwa kwenye jumba lilelile karibu na Fredericksburg Desemba 1862, akiwahudumia majeruhi na kuandika majina ya waliofariki ili ndugu zao wajue. Vita vilipokwisha alifungua ofisi Washington ya kutafuta askari waliopotea. Alipokea barua zaidi ya 63,000 na kufanikiwa kujua yaliyowapata zaidi ya watu 22,000. Uzeeni, mwaka 1892, akatunga shairi juu ya wanawake waliokwenda medani kuuguza, na humo akawataja wenzake kwa majina. Naona wawili hawa wanakamilishana. Mmoja alimsitiri mgonjwa, mwingine akamdhihirisha muuguzi. Sisi tumepindua: tunamdhihirisha mgonjwa, na nesi aliyekesha naye hatumjui jina.

Nasi tuna deni letu. Tumerithi sanaa ya kuandika vita kwa tenzi. Hemedi Abdallah aliandika vita vya Wadachi katika Mrima, na Shaaban Robert akaandika utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945. Lakini katika vita vya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi wa nchi zetu walikufa, wengi kwa malaria na kuhara damu, na kumbukumbu iliyo hai zaidi ni majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo watu huyatamka wakienda kununua nyanya. Wapo waliowafunga vidonda wapagazi wale, waliowanywesha uji, waliowafukuzia nzi. Malenga wetu, nawasihi, kazi hiyo iko mbele yenu, na haihitaji kelele za bunduki.

Sipendi kumaliza bila kuwagusa wapiga ngoma. Katika matoleo ya baadaye Whitman aliongeza mistari michache kwenye mabano, akikiri kwamba hapo awali alidhamiria kuhimiza vita bila huruma, kisha vidole vyake vikamshinda, akaenda kukaa na majeruhi. Aliliacha ungamo hilo ndani ya shairi lenyewe, mbele ya kila msomaji, miaka mingi baada ya vita. Kwetu kila msimu wa uchaguzi, kila mgogoro wa mpaka au wa malisho, wapo wanaochochea kwa ulimi na kwa simu, halafu damu ikimwagika wanakuwa wa kwanza kusambaza picha za waliokatwa mapanga. Mtu huyo asijihesabu kuwa mwenye huruma mpaka aende wodini mkono mtupu wa kamera, aulize nani hana ndugu wa kumletea chakula.

Basi ndugu zangu, juma hili wengi wetu tutakwenda kutazama wagonjwa. Simu ibaki mfukoni. Kama mchango unahitajika, mwombeni mgonjwa idhini, na asipoweza kusema mwulizeni wa karibu yake. Elezeni shida kwa maneno, bila picha. Mwulizeni ana salamu za nani, mziandike kama anavyozitamka yeye, na mzifikishe. Na mkitoka, mwulizeni nesi jina lake.